Mama Ghala na Jina la Kobe

Ofisini walimwita Mama Ghala, naye jina alilipenda. Kwa miaka kumi na saba alitunza kompyuta moja kubwa, ndiyo ghala lenyewe, kwenye chumba cha baridi, na ndani yake mlikuwa na programu yote ya kuandikisha wagonjwa hospitalini. Kila fundi alichukua humo, akatengeneza, akarudisha humo humo, na pembeni akaandika kabadili nini. Mtandao ukikatika, mafundi thelathini walijikunyata kama kuku walionyeshewa.

Sasa vijana walitaka utaratibu mpya: kila mmoja awe na ghala zima kwenye kompyuta yake, pamoja na historia yote tangu siku ya kwanza. Mama Ghala hakupinga. Jua likichomoza hulisukumi lirudi.

Kazi iliyobaki ilikuwa majina. Zamani mafundi waliingia ghalani kwa majina ya utani. Kabla ya kuhama, kila jina la utani lilitakiwa liwekewe jina kamili la mwenyewe. Arobaini aliyamaliza asubuhi moja, akicheka peke yake. Likabaki moja: kobe.

"Shangazi, andika 'hajulikani' tumalize," alisema mkuu wa mafundi, kijana mpole ila mwenye haraka. "Saa sita tunagawa."

"Mwanangu, ghala likiwa moja, kosa nalifuta mahali pamoja. Mkishagawana thelathini, nimfuate nani? Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu katufanyia kazi miaka miwili, leo aitwe hajulikani?"

"Haya. Lakini saa sita, shangazi. Sio sita na robo."

Akarudi kusoma maelezo ya kobe. Yote yalianza na samahani. "Samahani, nimepunguza maswali ya mwanzo, wazee wanachoka kusimama." "Samahani, kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kimejificha." Na yote yaliandikwa kati ya saa saba na saa nane mchana, mafundi wakiwa mezani wanakula. Nani hakuwa akila nao?

Mama Ghala akashika shavu. Yule dada wa mapokezi aliyeacha kazi zamani! Ndiye aliyebaki na simu kila mchana, akisikiliza malalamiko ya hospitali zote.

Akampigia. "Wewe, kobe ni wewe?"

Dada akacheka. "Jamani! Mzee aliyekuwa mkuu wa mafundi ndiye aliyenifundisha, akaniita kobe kwa kuchapa na kidole kimoja. Nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu. Nipe jina lako kamili, upesi, kuna kijana kanishikia saa."

Akalitaja, lake, la baba na la babu. Mama Ghala akaliandika, akalisoma mara mbili. Saa sita kasoro dakika nne. Akapaza sauti, "Haya, gawaneni!"

"Na hilo jina linakwenda wapi?" dada aliuliza kwenye simu.

"Kwa kila fundi, mwenzangu. Wa leo na wa kesho."

"Ngoja nimwite mume wangu umwambie mwenyewe, maana miaka yote anasema hapo nilikuwa napokea simu tu."

Mama Ghala akavuta kiti, akakaa vizuri, akamsubiri mume.