Mgonjwa wa Kibera Anayelala Gatina

Watu wa Kawangware wakiugua kichwa hutibiwa Kibera, na watu wa Kibera wakiugua kichwa hutibiwa Kawangware. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, lakini inafuatwa kuliko zile zinazotungwa bungeni. Malaria unaitibu mlango wa tatu kutoka kwako, na kisukari unakitangaza kanisani ili uombewe. Kichwa, hapana. Kichwa hutibiwa mbali, mahali ambapo muuza mboga wako hatakuona ukiingia.

Sisi wa Gatina, huko Kawangware, tulikuwa na bahati. Nauza makoti ya watoto Soko la Toi, kwa hivyo nilikuwa na sababu halali ya kwenda upande wa Kibera kila siku, na mdogo wangu alionekana tu kama kijana mwema anayembebea dada yake mzigo. Wenzetu ilibidi watafute visingizio. Siku ya kliniki ya akili ungelikuta benchi limejaa watu wazima wenye mifuko ya mitumba mapajani, kila mmoja akijifanya alikuwa akipita tu. Ukutani, juu ya vichwa vyetu, palikuwa na bango la herufi kubwa likituhimiza tusione haya kuzungumza. Tulilisoma kimya, kila mtu peke yake.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Madirisha mengi ya ploti za kupanga za Gatina yametoka mkononi mwake, na kama unadhani najivunia ndugu yangu, nenda ukayaangalie. Alipoanza kulalamika kwamba anasikia watu wakimsema, sikushtuka, maana kwenye ploti yetu kila mtu husikia watu wakimsema. Kuta ni nyembamba na majirani wana muda. Nilishtuka aliponiambia kwamba watu hao wamo ndani ya vyuma, na kwamba kila akimaliza dirisha wanamcheka. Aliacha kulala. Kisha akayakata kwa msumeno madirisha aliyokuwa ameyamaliza, mbele ya mteja aliyekuja kuyachukua.

Wataalamu walijitokeza mara moja. Jirani wa chini alisema ni bangi, ingawa mdogo wangu hajawahi kuivuta. Mchungaji aligundua roho iliyotufuata kutoka kwetu Magharibi, na shangazi yetu aliyebaki huko Magharibi akagundua kwamba ni wivu wa watu wa Nairobi. Wote walikuwa na uhakika kabisa. Ni hospitali tu iliyosema itabidi imchunguze kwanza.

Pale kliniki palikuwa na muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili, na daktari wake alionekana kwa nadra. Muuguzi huyo alimpa mdogo wangu vidonge, na vidonge vikafanya kazi. Baada ya wiki chache wale watu wa ndani ya vyuma wakanyamaza. Lakini mikono yake ikaanza kutetemeka, shingo ikakakamaa, akawa anameza mate kama mtu aliyesahau namna ya kumeza. Muuguzi akatueleza kwa upole kwamba kuna kidonge kingine cha kutuliza mtetemeko. Kisha akatueleza, kwa upole uleule, kwamba kidonge hicho hakipo.

"Siz, hii dawa imefukuza wale watu," mdogo wangu aliniambia, "lakini imeenda na mkono wangu pia."

Fundi anayetetemeka hawezi kuchomelea. Mstari unakwenda kombo, chuma kinatoboka, mteja anaenda kwa mwingine. Akawa anashinda nyumbani, mzima wa akili na bila kazi, akitazama madirisha yetu ambayo aliyatengeneza mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyoogopa alipokuwa akiyakata.

Ndipo mradi wa utafiti ukaja kliniki, na vijana wake wasafi wenye fulana za rangi moja. Walikuwa na sindano mpya, ya mara moja kwa mwezi, isiyokakamaza watu sana. Walitaka kujua kama mgonjwa anayefuatwa nyumbani na kudungwa huko anaendelea vizuri kuliko anayeachwa aje mwenyewe. Kompyuta ingetugawa makundi mawili: moja lingepata sindano nyumbani, jingine lingeendelea na matibabu ya kawaida. Nililipenda sana hilo neno "kawaida". Matibabu ya kawaida yalikuwa ni benchi, bango, na kidonge ambacho hakipo.

Nilimuuliza mmoja wao, binti mtafiti, kwa nini wasimpe kila mtu. Akanieleza, bila dharau, kwamba bila kundi la kulinganisha hawatajua kama sindano inasaidia. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi mwenyewe ningeweza kuwaambia, wakaokoa safari. Akasema maoni yangu ni ya thamani sana kwao.

Sharti lilikuwa moja tu la maana: mgonjwa awe mkazi wa Kibera. Benchi zima likawa wakazi wa Kibera papo hapo. Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi msimamizi wa ploti yetu, yule yule aliyemfukuza mpangaji kwa sababu binti yake alikuwa akipiga kelele na kuongea peke yake. Ndiye hasa tuliyekuwa tukimkimbia tulipochagua kutibiwa mbali. Alikuwa amekumbatia mto wa mtumba kifuani, na alipoulizwa anakaa wapi, akasema Makina, kule kule Kibera. Mimi na yeye hatukujuana hata kidogo. Jioni tulipokutana kwenye ngazi za Gatina, aliniuliza makoti yanatokaje siku hizi, nikamwambia yanatoka vizuri.

Mdogo wangu aliangukia kundi la sindano. Sasa tulihitaji nyumba Kibera. Jirani yangu wa kibanda pale Toi, mama anayeuza viatu, anakaa Kibera karibu na soko, na nilipomweleza shida yangu hakuniacha hata nimalize. Akanipa ufunguo. Siku moja kabla ya kila sindano, mhudumu wa mradi angepiga simu, nasi tungefika pale mapema. Mdogo wangu angeketi kwenye kitanda cha mama wa viatu, chini ya picha za harusi ya mama wa viatu, akiwa mwenyeji. Mhudumu alikuwa akimsifu kwa usafi wa nyumba yake. Mama wa viatu alizisikia sifa hizo kutoka kwangu, na akanunua pazia jipya kwa ajili ya utafiti.

Na sindano ikafanya kazi. Sitaki kulitania hilo. Mkono wake ulitulia taratibu, shingo ikalegea, na wale watu wakabaki kimya huko walikokwenda. Siku aliyorudi kazini nilichelewa kufungua kibanda kwa makusudi, nikasimama ng'ambo ya barabara nikimtazama akishusha barakoa ya chuma usoni na cheche zikaruka. Nililia pale, mtu mzima, mbele ya watu wa bodaboda. Mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Kliniki, tulikokwenda kwa maswali ya utafiti, ilianza kuwa mahali pa kupendeza. Mtafiti alikuwa akimuuliza mdogo wangu maswali yake, kama amekosa raha, kama analala, kama anaona siku zijazo zina maana, naye anajibu kwa sauti ya mtu mwenye kazi za watu zinazomsubiri. Nilianza hata kuwatetea watafiti mbele ya mama wa viatu, ambaye alishikilia kwamba mtu hawezi kukuuliza maswali mengi hivyo bure.

Kisha ofisi kuu ya mradi ikataka kuhakikisha kwamba wahudumu wake kweli wanawafikia wagonjwa. Ni jambo zuri, na mimi pia ningehakikisha. Wakamtuma mwanamume wa ofisini, mwenye beji na viatu vya ngozi, atembelee nyumba bila kupiga simu. Alifika kwa mama wa viatu siku ambayo mama mwenyewe hakwenda sokoni. Majirani walikuwa nje wakifua. Yule bwana akasimama katikati yao, akataja jina la mdogo wangu lote, la kwanza hadi la ukoo, akauliza kama huyu mgonjwa wa akili yupo.

Mama wa viatu alifanya kile ambacho yeyote kati yetu angefanya. Mtu usiyemjua akija mlangoni kumuuliza mgonjwa wa kichwa, unamficha. Hayo hufundishwi na mtu. Alimwambia hapo hapana mgonjwa, hajawahi kuwapo, na jina hilo ndiyo kwanza analisikia. Bwana akasisitiza kwamba rekodi zinaonyesha anaishi hapo. Mama akamwonyesha picha za harusi yake ukutani, moja moja, ili bwana aonyeshe ni ipi yenye mgonjwa.

Alinijia kibandani mchana huo amejaa furaha.

"Nimewafukuza," aliniambia. "Nimewaambia kwangu hakuna chizi. Wakirudi wanipate."

Nilimshukuru kabla sijaelewa. Nikamnunulia chai na mandazi. Alikuwa amemlinda ndugu yangu kama mwanawe, na hadi leo sijui ningemlaumu kwa lipi.

Mwezi uliofuata simu haikupigwa. Tulisubiri, kisha tukaenda kliniki. Kumbe mdogo wangu alikuwa ameandikwa kuwa mgonjwa aliyetoweka. Alikuwa amesimama mbele ya binti mtafiti, amevaa ovaroli yenye matundu ya cheche, na bado alikuwa ametoweka. Nilianza kutunga maelezo, kuhusu kuhama, kuhusu msiba, sijui kuhusu nini. Mdogo wangu akanishika mkono ninyamaze. Benchi lilikuwa limejaa.

"Madam, mimi siishi Kibera," alisema. "Naishi Gatina. Tulidanganya juu tulikuwa tunaogopa watu watajua. Hiyo nyumba ni ya rafiki ya siz. Lakini hiyo sindano ndiyo inafanya nashika kazi. Nimekuja mwenyewe. Mnipate Gatina, hata mkija na gari ya mradi, ni sawa."

Benchini watu walikumbatia mifuko yao. Hakuna aliyemwangalia, na kila mtu alimsikia. Sijawahi kumwona mtu jasiri hivyo, na nasema hivi nikiwa mtu wa Soko la Toi, ambako watu hupigania nguo siku za kufungua marobota ya mitumba.

Binti mtafiti alimpigia simu mkubwa wake, akazungumza akiwa ametupa mgongo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia. Alieleza kwamba kwa kuwa mdogo wangu si mkazi wa Kibera, hakustahili kuingizwa kwenye utafiti tangu mwanzo. Kwa hiyo hangeweza kurudishwa. Wangemwelekeza kwenye matibabu ya kawaida, ambayo yalikuwa hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama, kwenye benchi lile lile. Ndugu yangu alipodanganya alikuwa mgonjwa wa Kibera mwenye nafuu. Aliposema kweli akawa hakuwahi kuwapo.

Tuliulizia sindano ile kwenye maduka ya dawa. Bei yake ni ya wenye mageti, si ya wanaochomelea mageti.

Alikaa bila dawa kwa muda, akiviogopa vile vidonge na kutegemea sindano ya mwisho iliyobaki mwilini. Mkono ulikuwa thabiti na mimi nilikuwa mpumbavu wa kutumaini. Kisha asubuhi moja akazima mashine katikati ya kazi, akaja Toi kwa miguu, akasimama mbele ya makoti yangu akiwa amejiziba masikio. Walikuwa wamerudi. Hakunisubiri nishauri. Aliniambia twende tukachukue vile vidonge, kwa sababu mkono unaweza kuazima wa mtu mwingine lakini kichwa huwezi.

Sasa hupima na kukata, na kijana aliyemfundisha mwenyewe ndiye anayechomelea. Hukaa pembeni akiangalia mstari wa mwenzake, na ukienda kombo anaona kabla ya kila mtu. Inaniuma kumtazama, nami humtazama kila siku.

Juzi walikuja wengine. Fulana rangi nyingine, mradi mwingine, na hawa walifika hadi Gatina, hadi mlangoni kwetu, bila kupotea hata kidogo. Namba yangu ya simu walipewa na ule mradi wa kwanza, ambao orodha yake bado ilimwonyesha ndugu yangu kuwa ametoweka. Wanatafiti kwa nini wagonjwa wa akili hutoweka kwenye matibabu, na wanawatafuta waliotoweka ili wawaulize. Hatimaye ndugu yangu alitimiza masharti yote. Aliwauliza kama wamekuja na dawa. Kijana aliyekuwa na maswali akasema hapana, ni maswali tu, ila majibu yatawasaidia wengine baadaye. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo niwatoe kwa maneno ambayo kanisani hayasemwi. Mdogo wangu akaniomba niwatengenezee wageni chai.

Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili na bado chai ikamwagika kwenye suruali. Kijana akayakaza macho kwenye simu yake, kwa heshima, akasoma swali la kwanza: ni kwa sababu gani uliacha kupatikana? Kisha akasoma majibu ya kuchagua, kama alivyoagizwa, bila kuruka hata moja. Amehama. Amepona. Amesafiri mashambani. Amefungwa jela. Amefariki. Alipofika hapo sauti ilimshuka kidogo.

Mdogo wangu aliyasikiliza yote hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Hakuna ya mtu ambaye yuko?" aliuliza.

Kijana akapekua juu, akapekua chini. Akasema iliyobaki ni ile ya sababu nyingine, halafu mtu anaandika maelezo.

"Basi weka hiyo nyingine," mdogo wangu alisema. "Halafu uandike niko."