Barua Yangu Ilikuwa na Mwenyewe

Jamani, niko nje ya geti la shamba la maua hapa Naivasha.

Nimetoka interview sasa hivi. Meneja, mama mmoja mpole, akafungua barua yangu ya kuomba kazi, akasoma mwanzo kwa sauti:

"Kwako Bwana Meneja, mlezi wa wengi."

Mimi huyo natabasamu!

"Kijana, umeandika wewe?"

"Ndiyo, madam."

(Uongo. Ni ya jamaa mmoja wa cyber, kibanda cha kompyuta, mtaani Bahati. Anabadilisha jina tu, anaweka lako, anaprint.)

Akaifunga, akaendelea bila kuangalia. Aya nzima. Neno kwa neno!

"Madam, umeijuaje?"

"Niliitunga mimi, nikiomba kazi hapa. Nilichapiwa kwenye cyber ya Bahati. Huyo Bwana Meneja alistaafu, hiki ndicho kiti chake."

Watu wangu, nilitamani ardhi ipasuke.

Hajanifukuza. Amenipa karatasi tupu, nirudi na ya kwangu saa nane.

Sasa ni saa saba na nusu. Nimeandika "Kwako", kalamu ikasimama.

Sikumuuliza jina.

Kuna mtu hapa anamjua? Harakisheni!