Mstaafu Aliyeifungua Cherehani Yangu

Mume wangu alistaafu akiwa na kitambi, miwani na maneno mengi. Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni tangu kijana mwenye nywele nyeusi mpaka nywele zenyewe zikamkimbia. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti chenye mto, nyuma ya dirisha la nondo, na kuwaambia mafundi waliokuja kuomba skrubu kwamba skrubu hazipo. Wakishaondoka, anazipanga. Fupi na fupi, ndefu na ndefu, nati huku, springi kule, kila aina na kopo lake. Hilo ndilo alilolijua duniani, na alilijua vizuri.

Miaka aliyokuwa na mshahara hatukumwona sana. Alikuwa na nyumba nyingine nyuma ya kiwanda, na mwanamke mwingine ndani yake. Kila mtu alijua, akiwamo mama yake mzazi, aliyeniambia nivumilie kwa sababu wanaume ndivyo walivyo. Nikavumilia juu ya cherehani. Watoto wangu wamekula cherehani, wamevaa cherehani, wamesomeshwa na cherehani. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja. Hesabu zangu nilizipata kwenye futi ya kupimia nguo, na zimenitosha. Kiwanda kilipompa mkono wa kwaheri, yule mwanamke naye akampa wa kwake, na bwana akarudi kwangu na begi na kile kiti chenye mto.

"Mshukuru Mungu, wifi," dada yake aliniambia. "Amerudi mzima."

"Atakosaje kuwa mzima?" nikamjibu. "Hakuna kilichotumika."

Nilidhani atakaa barazani asinzie kama wenzake. Laiti angesinzia. Kumbe kule kwenye ukumbi wa wastaafu alikuja mtaalamu wa afya akawahubiria kwamba mtu akistaafu asikubali kuzeeka: mwili utembee, akili idadisi, moyo uwe na mtazamo chanya. Wenzake walisikiliza, wakanywa chai, wakaenda nyumbani. Wangu alitoka pale kama aliyetumwa na serikali. Akajinunulia raba nyeupe. Kila asubuhi akawa anauzunguka mtaa huku anarusha mikono kama anayefukuza nyuki, anasalimia mpaka watu aliowapita miaka yote bila kuwaona. "Fikra chanya, majirani! Fikra chanya!" Wakambandika jina, Mzee Chanya, naye akalipokea kama cheo.

Sitasema uongo, kitambi kilipungua. Magoti yaliyokuwa yakilia ngazini yalinyamaza. Lakini akili nayo ilitaka mazoezi yake, na hapo ndipo nilipokoma. Alijifunza lugha ya kigeni kwenye redio, akawa anaamkua kuku wangu kwa lugha hiyo. Akaazima kinanda, akajifunza mwanzo wa wimbo mmoja, na huo mwanzo tukaula asubuhi na jioni, mwisho wake hatujauona hadi leo. Saa ya ukutani aliifungua ili ajue inatembeaje. Ikaacha kutembea, naye akaridhika kwamba amejua. Udadisi huo wote haukumtuma hata mara moja aulize maji yanaingiaje kwenye pipa, wala shati chafu likidondoka sakafuni huwa linakwenda wapi.

Binti yetu alipokuwa akipiga simu, sifa zilikuwa za baba.

"Mama, baba amekuwa kijana! Na wewe ungejiunga naye."

"Nijiunge na nini?"

"Mazoezi, mama. Umri unakwenda."

Mtoto huyo nilimbeba tumboni nikiwa nakanyaga cherehani, akazaliwa, nikarudi kukanyaga. Leo ananiambia ninyooshe miguu.

Basi ikatokea kwamba mkuu wa wauguzi wa kituo cha afya, mama mmoja asiyejua kucheka, akaniletea kitambaa cha magauni ya wauguzi wake wote. Wodi mpya ya wazazi ilikuwa inafunguliwa na aliwataka wavae sare mpya siku hiyo. Aliniambia wazi: yakitoka vizuri, na kwa wakati, mapazia, mashuka na nguo zote za kituo zitakuwa zangu. Mtu ambaye hajawahi kunyoosha mkono kwa mume hataelewa maneno hayo yalivyoingia mwilini mwangu. Kazi ile ingemaanisha kwamba sitamwomba mtu yule kitu tena mpaka naingia kaburini. Nikakata kitambaa chote, nikakikunja vipande kwa vipande, nikaenda sokoni kutafuta vifungo na uzi wa rangi ile.

Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni, miwani kwenye ncha ya pua, bisibisi mkononi. Meza ya cherehani ilikuwa na tundu pale kichwa kinapokaa. Mbele yake kulikuwa na makopo matupu ya maziwa, yamepangwa mstari.

"Karibu, mama watoto! Leo nimejifunza jambo kubwa."

"Kichwa cha cherehani kiko wapi?"

"Kipo." Akanionyesha makopo. "Kilikuwa kinapiga kelele. Nikasema, hebu nimsaidie mke wangu. Unajua ndani mle mna skrubu za aina ngapi? Hata wewe hujui, na umekaa nacho maisha yako yote."

"Kirudishe."

"Taratibu. Tuwe na mtazamo chanya."

"Ulizitoa kwa mpangilio gani?"

Hapo akakasirika, kama nimemtukana ukoo. "Mpangilio upo! Tazama mwenyewe." Akanipitisha kopo kwa kopo. Fupi na fupi. Ndefu na ndefu. Springi zote pamoja, za kukaza uzi na za kushusha mguu unaokandamiza kitambaa. Vipande vya chuma vyenye tundu upande wake, visivyo na tundu upande wake. Mtu yeyote aliyewahi kufungua hata kibatari anajua kwamba unachokitoa kwanza unakilaza kwanza, na cha pili kinafuata, ili wakati wa kufunga urudi nyuma kwa njia uliyoijia. Yeye aliifungua cherehani yangu akaiingiza stoo.

Nilimwita fundi wa kutengeneza cherehani. Alipoyaona makopo alikaa chini akacheka mpaka akafuta macho.

"Mama, mzee alikuwa anafungua mashine au anapokea mzigo?"

"Alikuwa anapokea mzigo."

"Sasa hizi skrubu kwa macho zinafanana, kwa meno hazifanani. Ukiilazimisha moja umeua tundu lake. Naweza, lakini usinipe haraka."

Pengine angeweza kweli. Lakini mume wangu alivuta kile kiti chenye mto akakaa ubavuni pake. Hii inaitwaje? Na hii ina kazi gani? Kwa nini usianze na ile? Fundi alivumilia asubuhi nzima, mchana akaanza kurudisha vifaa kwenye mfuko.

"Mzee, chagua. Nitengeneze, au nikufundishe."

"Tengeneza huku unanifundisha."

Yule kijana akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Mbele ya soko alikuwepo fundi cherehani mwenzangu, tunamwita Mama Vifungo kwa sababu hata mto wa kulalia akiushona lazima autie vifungo mstari mzima. Tulikuwa hatusalimiani tangu aliponinyang'anya bibi harusi mmoja, na mimi nikatangaza sokoni kote jinsi gauni lile lilivyofumuka kwapani. Nilijifunga kitenge, nikabeba furushi langu, nikaenda kusimama mlangoni pake.

"Ehe," akasema bila kuinua macho. "Nasikia mzee wako anaishi kwa raha siku hizi."

"Ana raha. Naomba cherehani."

Aliacha kukanyaga. Alinitazama, akalitazama furushi, akaanza kucheka taratibu. Nikakiacha kicheko kipite. Alipomaliza, akasukuma kiti kwa mguu.

"Kaa kwenye ile ya pembeni. Inavuta kushoto, ishikilie. Na usiguse vifungo vyangu."

Nikawa natoka nyumbani kabla Mzee Chanya hajarudi matembezini. Siku ya kwanza, jua likiwa juu ya vichwa, akatokea mlangoni na raba zake.

"Mama watoto, chakula hakionekani."

"Shemeji," Mama Vifungo akamjibu, "chakula hakionekani mpaka kipikwe."

"Lakini mimi ni mstaafu."

"Mimi sijastaafu," nikamwambia. "Jiko liko palepale ulipoliacha. Nenda ukalidadisi."

Akatabasamu, akasema hiyo nayo ni changamoto nzuri kwa umri wake, akaenda kula mkate mkavu.

Huku mimi nikipambana na mashine inayovuta kushoto, yeye kule ukumbini aliwasimulia wastaafu wenzake habari ya cherehani, jinsi anavyoiunganisha upya ili ubongo usilale. Walimpigia makofi. Wifi yangu alikuja mwenyewe kunieleza, machozi yanamlengalenga, kwamba kaka yake amekuwa mfano. Na kweli aliiunganisha. Ilirudi kwenye meza yake, imefungwa, inang'aa, na kopo zima la skrubu likabaki pembeni. "Hizi ni za akiba," akasema. Akazungusha gurudumu, sindano ikavunjika vipande viwili, na yeye akapiga makofi kwa furaha kwamba angalau inazunguka.

Mkuu wa wauguzi aliyafuata magauni yake dukani kwa Mama Vifungo. Aliyageuza moja moja nje ndani, akavuta kwapa, akapitisha kidole kwenye kola. Nilisimama pembeni, mikono imeshika futi, naogopa ile mashine isije ikawa imenisaliti kwenye mshono nisiouona. Mume wangu naye alikuwa amekwisha fika, kwa kuwa siku hizi hakuna jambo lisilomhusu.

"Kola nani kashona?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote."

Akakunja gauni la mwisho. "Mapazia ya wodi nitayaleta wapi? Nyumbani kwako?"

"Nyumbani, nyumbani!" mume wangu akadakia. "Cherehani imekaribia kupona. Nami mwenyewe nitakuwa nasaidia."

Yule mama alimkagua kuanzia raba kwenda juu. "Huyu ni nani?"

"Anakaa kwangu," nikasema. "Mapazia yalete hapa."

Mteja akapanda gari, akaondoka. Mama Vifungo akasogeza meza yake kidogo upande wa ukuta, akanong'ona kwamba nisidhani kufagia ni kazi yake peke yake. Nikachukua ufagio. Mume wangu alitoka nje akirusha mikono, na kabla hajafika mbali nikamsikia akimwambia muuza nyanya kwamba mkewe amefungua ofisi sokoni, na kwamba wazo lilikuwa lake.