Blanketi la Pili

Binti yangu alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni wilayani Biharamulo. Fomu ya kujiunga ilifika kwetu Mbuba nakala moja tu. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliibandika kwenye ukuta wa ofisi yake, na watoto waliochaguliwa wakaenda na madaftari kunakili orodha ya mahitaji. Ndivyo tunavyofanya, ili kila mzazi asilipie kuchapa kurasa zote zile. Binti yangu alirudi na ukurasa mzima kwa mwandiko wake uliotulia: godoro, shuka mbili, chandarua, ndoo yenye mfuniko, jembe lenye mpini, fyekeo, rimu ya karatasi. Namba kumi na moja: mablanketi mawili. Chini kabisa yalikuwapo maneno ya kutisha, kwamba atakayepungukiwa kitu chochote atarudishwa getini.

Mimi ndiye mwandishi wa mihtasari ya mikutano ya kitongoji chetu. Kazi hiyo imenizoesha kuuliza nani kasema, lini, na nani mwingine alisikia. Lakini siku ile sikuuliza. Niliona maharage ya kuuza hayatoshi, nikafungua debe la mbegu.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ndogo iko nyuma ya yetu, alinikuta nikichota.

"Hiyo si mbegu?"

"Ni ya shule, mama."

Kwake neno shule humaliza ubishi. Mwaka juzi, wakati kama huo, nilimnunulia blanketi. Alinirudishia likiwa bado ndani ya nailoni, akaniambia nilipeleke dukani nilikolitoa. "Mwezi wa shule mzee hanunuliwi kitu," alisema. Nikalirudisha, likageuka viatu na madaftari.

Sokoni Ngara mjini, muuza mablanketi aliisoma orodha yangu, akainua kichwa.

"Mawili? Mtoto anakwenda Biharamulo au anakwenda kulala juu ya Kilimanjaro?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi mama, msalimie sana aliyeandika. Mwambie biashara imemshukuru."

Nililipa, lakini kicheko chake nilitembea nacho hadi kituoni. Biharamulo kuna joto kuliko huku kwetu milimani. Kwa nini kule wahitaji mawili?

Kesho yake nilikwenda Nyamiaga, kwa mwanamke ninayesali naye, ambaye kijana wake alikuwa anakwenda shule hiyohiyo. Nilimwomba orodha kana kwamba natafuta kitu kingine. Blanketi moja.

"Labda wasichana wanasikia baridi zaidi," alisema nilipomwonyesha mawili yetu.

Sikucheka. Nilishaanza kuona watu watatu mezani wakigawana pesa yangu: mwalimu, muuza mablanketi, na aliyetunga fomu. Nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, daftari kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kusoma ukuta."

"Soma, mama. Ukuta hauna siri."

Nilisoma mara mbili, kidole juu ya karatasi. Wavulana na wasichana, blanketi moja. Mwalimu hakuwa na kosa, wala muuza mablanketi. Aliyeongeza ni yule niliyemzaa.

Nilirudi nyumbani taratibu. Msichana wa miaka kumi na minne anataka blanketi la ziada la nini? La kuuza? La kumpa nani? Niliwafikiria vijana wa bodaboda mmoja baada ya mwingine. Sikumuuliza, kwa sababu mtu ukimuuliza mapema anapata muda wa kutengeneza jibu. Badala yake, kila alipokwenda kuchota maji nilifungua sanduku lake la chuma. Ijumaa, mawili. Jumamosi, mawili. Jumapili baada ya kanisa, moja. Mbegu yetu ya msimu ilikuwa imetoka nje ya nyumba, na mimi sikujua imeelekea wapi.

Jumatatu nilimsindikiza. Njia nzima tulizungumza mambo madogo, chandarua, sabuni, na kila nilipomtazama alitazama dirishani. Getini, matroni alikagua vitu akiweka alama kwenye fomu. "Blanketi moja. Lipo." Binti yangu aliinamisha uso. Hapo ndipo nilipomvuta pembeni.

"La pili umempa nani?"

"Mama..."

"Nani?"

"Bibi."

Tangu aache kunyonya, binti yangu amelala na bibi yake. Ndivyo ilivyo kwetu, mzee halazwi peke yake kama wajukuu wapo. Lakini sikuwahi kuuliza wanajifunika nini.

"Lile letu la zamani limeisha katikati," alisema. "Tulikuwa tunapata joto kwa kubanana. Sasa nani atabanana naye? Na ukimnunulia anarudisha."

"Hili amelipokeaje?"

"Nimemwambia shule inataka moja libaki nyumbani kwa ajili ya likizo. Na lisipolaliwa, panya watalitafuna. Mama, usimwambie. Atakutuma ulirudishe."

Kengele ikalia. Alibeba ndoo yake akaingia.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado liko juu ya migomba. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pake, blanketi limekunjwa mapajani. Hata kabla sijapumzika, alinisemesha kwa Kihangaza, polepole, kama mtu aliyekuwa akipanga maneno tangu asubuhi.

"Shule gani hiyo inayoacha blanketi nyumbani?"

"Ndivyo walivyotaka, mama."

"Walitaka, au mmetaka nyinyi?"

"Wao."

"Palipoandikwa ni wapi? Wewe ni mtu wa kuandika. Nionyeshe."

Hasomi. Lakini anajua kutazama uso wa anayesoma. Katika miaka yangu yote ya mihtasari sijawahi kuandika neno ambalo halikusemwa kikaoni. Nilitoa ukurasa wa binti yangu, nikauweka juu ya blanketi, nikaweka kidole kwenye namba kumi na moja.

"Mablanketi mawili," nikasoma. "Moja la bweni. La pili libaki nyumbani, lilaliwe na bibi wa mwanafunzi."

Alinitazama usoni.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, neno kwa neno, bila kukosea.