Siku Niliyoithamini Nyumba ya Baba

Mimi Ubaid ni dalali wa nyumba, na Mji wa Kale wote wajua nina ndimi mbili. Nikikuuzia nyumba yako, nitaisifu mpaka utamani kughairi. Nikimtafutia mtu ya kununua, nitaiponda mpaka mwenyewe aone haya kuwa amezaliwa humo. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na sijanunua hata banda la kuku.

Mwaka wa tisini na tano baba alifariki, akatuachia sisi watoto watatu nyumba moja ya ghorofa, Kibokoni, iliyoshikana na za majirani kuta kwa kuta. Nilikuwa nikiishi humo na mke wangu Swafia. Kaka Badawi, aliyehamia Ganjoni zamani, alitaka nyumba ithaminiwe. Atakayeitaka awalipe wenzake mafungu yao, akikosekana iuzwe. Mimi niliitaka. Akiba yangu, pamoja na dhahabu ya Swafia, ingetosha bei isipozidi laki nne.

"Thamani itoe wewe, Ubaid," kaka alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Fisi kakabidhiwa bucha. Lakini nikaona nikiiponda mwenyewe atanishuku, basi nikamwendea dada Mahfudha, nikampanga aanze yeye kuiponda. Alikubali, maana hakutaka kutuona tukihangaika na vyumba vya kupanga Tononoka.

Siku ya kikao Swafia alituandalia kahawa na halua. Dada akaanza vizuri kabisa.

"Kaka, nyumba hii yavuja. Boriti zaliwa na mchwa."

Nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama nilivyozoea kazini.

"Na hivi ilivyosimama ni hisani ya majirani. Wakibomoa kuta zao, hii yalala chini."

Maneno hayo nilimfundisha mimi. Lakini kuyasikia katika chumba alichofia baba, yalinichoma.

"Nani alokwambia?" nikasema. "Hao majirani ndio wanaotuegemea sisi."

Nikainuka. Nikaugonga ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima. Nikawapandisha juu wakaone boriti za mkoko. Mchwa akiziuma, nikasema, hung'oka meno. Nikafungua dirisha wauonje upepo. Nikawashusha hadi kisimani uani, ambako mtaa mzima huja kuteka maji bomba likikauka. Dada alikuwa akinikanyaga mguu, nami nikamwomba aangalie anapokanyaga. Tuliporudi kwenye mkeka kanzu ilikuwa imeniganda kwa jasho.

"Haipungui milioni," nikamalizia.

Kaka Badawi alijimiminia kahawa. "Mimi nilikuja na fikra ya laki tatu unusu," akasema. "Mungu akulipe kheri kwa uaminifu wako."

Maskini, aliniona mwaminifu. Kwa bei ile nisingeweza kununua hata ngazi. Nyumba iliuzwa milioni kamili, na mnunuzi nilimtafuta mimi. Kaka alisema ndugu hatozi ndugu udalali.

Siku ya kuhama nilimkuta Swafia chumbani akikusanya matandiko. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana.

"Miaka yote tuloishi humu hujanambia kuwa waipenda hivi," akasema. "Ungalinambia mimi. Hukuwa na haja ya kuwaambia wao."

Nikajitwika godoro likanifunika uso, nikashuka ngazi nikilia nyuma ya godoro hilo.