Bustani ya Asubuhi Moja

Uape kwanza kwamba haya hayatatoka kwako. Mimi pia niliapa, na ona, ninakuambia mbele ya muji muzima.

Jirani yangu, muke wa mufanyakazi wa reli, alikuwa anangojea marafiki zake kutoka Kabalo. Safari iliyopita wageni hao walisimama kwenye mupaka wa lupango, kiwanja cha nyumba yake, wakasifu maua ya mama wa nyumba ya pili mpaka chai ikapoa. Jambo hilo lilimukaa kooni. Na kiangazi hiki bustani yake ilikuwa vumbi na kuku tu.

Wivu huamka mbele ya jogoo. Alfajiri nilimuona akichomeka maua mekundu kwenye udongo na kuyamwagilia maji. Akaweka kidole kwenye midomo: "Mama muzee, haukuona kitu."

Wageni wakafika, wakashangaa. "Yako inapita hata ya yule mama." Jirani yangu akanyoosha kitenge chake, akacheka kidogo. Sifa zilivuka lupango, na yule mama akaja kuwasalimia wageni. Akapewa chai, akanywa.

Lakini kwetu mugeni harudi bila kitu cha kupanda. Mukubwa wao, ambaye wote walimuita sitwayeni kwa heshima, akasema, "Nipe moja nikapande kwangu," na bila kungoja akavuta shina. Likatoka jepesi, chini limekatwa kwa kisu.

Akaligeuza mbele ya wote. "Mama, mizizi iko wapi?"

Yule mama akaweka kikombe chini polepole. "Iko kwangu, sitwayeni. Mupite muchukue."