Chombo Wazi Usiku

Kwenye picha ya kufunga shule kuna pengo katika mstari wa pili. Mpiga picha aliwaambia wabanane, wakabanana, lakini nafasi ya Barwaqo ikabaki palepale, kati ya Idman na nguzo.

Shule yenyewe ilikuwa ya wiki tatu, mwezi wa Agosti, katika bweni la chuo kimoja cha Garissa ambacho wanafunzi wake walikuwa likizo. Watafiti vijana walilala hapo, wakala hapo, wakajifunza kukuza fuwele. Unayeyusha unga katika kiowevu, unauacha katika chupa ndogo iliyofunikwa foili yenye tundu la sindano, unasubiri. Kiowevu kikipungua polepole, chembe hujipanga kama safu za msikitini, bega kwa bega, mpaka kijiwe kinachong'aa kizaliwe. Kijiwe hicho hupigwa eksirei Nairobi, na umbo la chembe zake likajulikana.

Barwaqo alitoka Habaswein na unga mweupe aliouchuja kutoka utomvu wa malmal, yaani manemane, ule ambao mama yake huwapaka mbuzi wenye vidonda. Miaka miwili unga huo ulikataa kuwa fuwele. Chuo chake kilimwambia waziwazi: asiporudi na fuwele, utafiti wake unafungwa.

Siku zikapita taratibu, upepo ukisugua madirisha kwa mchanga. Chupa za wenzake zikaanza kumetameta. Zake zilikuwa na tope jeupe tu.

"Abaayo, dada yangu, umeleta unga wa chapati?" Idman, jirani yake wa kitanda, alimtania.

Mwalimu wao, Daktari Daud, alichutama mbele ya rafu. "Nani anazigusa hizi?"

"Mimi tu, mwalimu. Magharibi nazikaza vifuniko, alfajiri nazifungua."

Daud alitaka kucheka, akaacha. Alikuwa mtu wa Ijara. Huku mtoto hukua akijua kwamba chombo hakiachwi wazi usiku; hufunikwa kwa bismillahi, jini asiingie.

"Lakini zina foili," akasema.

"Foili ina tundu."

"Tundu la sindano!" Idman akadakia. "Jini gani atapita hapo?"

"Wewe unajua vipimo vya majini?"

Daud alisimama. "Kila ukigusa, unazitikisa. Ni kama kumwamsha mtoto umuulize kama amelala."

"Kwa hiyo niziache wazi?"

"Sijasema hivyo. Nimesema usiguse."

Unga uliobaki ulitosha chupa moja. Barwaqo aliiandaa, akaifunika foili, akaitoboa, akaketi mbele yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Jua lilipoinama alikwenda jikoni, akarudi amekumbatia sufuria kubwa ya wali. Akaifudikiza juu ya chupa, taratibu, bila kuigusa, akasema bismillahi.

"Sufuria yangu!" Rukiyo, mpishi, alimfuata mpaka mlangoni. "Watu wote hawa nitawapikia kwenye kikombe?"

"Habaryar, mama mdogo, nisamehe. Pika mara mbili."

"Na kuni utaleta wewe?"

Alileta yeye. Mchana alikuwa akisinzia darasani, na katika usingizi ule mwepesi aliona kisima chenye kina kirefu, chini yake watu weupe wakipanga safu, kimya, kila mmoja akimngoja mwenzake afike. Alipoamka hakujua kama ameota au amekumbuka.

Kisha Daud akaja na sanduku. Fuwele za wote zilikuwa zinaondoka kwenda Nairobi.

"Funua, Barwaqo. Hata kama ni ndogo."

"Bado, mwalimu."

"Sanduku halirudi."

"Liende."

Idman alimtazama kama anayetazama mtu akikata kamba ya ndoo. Sanduku likaenda.

Alfajiri ya siku ya mwisho, wengine wakipiga pasi nguo za picha, Barwaqo alifunua sufuria. Chini ya chupa palikuwa na kijiwe kimoja, chenye pande zilizonyooka, rangi ya maji kabla ya jua kutoka. Alimrudishia Rukiyo sufuria yake, akapanda basi la kwanza la Nairobi, chupa mapajani, viganja vyote viwili vikiizunguka kila basi liliporuka tuta.

Mashine ya eksirei iliisoma fuwele ile, na chuo hakikuufunga utafiti. Barwaqo sasa anaishi Nairobi, katika chumba cha kupanga Ngara, na yuko mwaka wa pili wa uzamivu.